Kipa Mwenye Alama Moja

Msengi,

Barua za watu wenye adabu huanza kwa kuulizana hali. Mimi mzima. Ya kwako naijua, nilikuwepo walipokufukia, ingawa nilisimama nyuma kabisa, pamoja na wale waliokuja kwa kuogopa kusemwa wasipokuja.

Usijidanganye kwamba nimekusamehe. Nakuandikia kwa sababu kuna maneno nilitakiwa kuyasema siku ile kaburini, mbele ya watu, kwa sauti, na sikuyasema. Mimi Msukuma, wewe Mnyiramba. Kazi ya mtani msibani unaijua vizuri: amtukane marehemu mpaka wafiwa wacheke bila kutaka, ajilaze shimoni kabla ya jeneza, azuie udongo usirudishwe mpaka apewe chake. Watu walinisubiri. Baba yako mdogo alikohoa mara mbili akinielekea mimi. Nikatazama viatu vyangu. Ukazikwa kimya kama mgeni asiye na mtu. Kiomboi nzima walilisema hilo, na safari hiyo walikuwa na haki.

Basi matusi yako haya hapa. Yamechelewa, lakini wewe huna haraka.

Ulikuwa mtu mbaya, Msengi. Nasema mbaya na sina neno la kupunguza. Uliwapiga watu picha za pasipoti kwenye kibanda chako, wakakuamini, wakafunga vifungo vya shati mpaka juu, kumbe sura zao unazipeleka kwenye gemu. Lile gemu la mpira la zamani, la enzi tuko vijana, lilikuwa na Wazungu ndani yake na lilikuwa linajitosheleza. Wewe ukalichokonoa. Hukufundishwa na mtu, ulikaa tu ukafungua faili moja baada ya jingine mpaka ukajua linavyopumua. Ukawatoa Wazungu, ukatuingiza sisi. Kila aliyekuja kutafuta picha ya kitambulisho alijikuta beki. Mchungaji ulimfanya winga wa kushoto na goti lake lile. Muuza vitunguu wa stendi ukampa ukapteni kwa sababu ana kifua.

Halafu ukajirekodi wewe mwenyewe ukitangaza mechi, kwa sauti ya redioni, sauti nzito ya kubembea, kana kwamba ulizaliwa Pangani na si hapa nyuma ya mashine ya kukamua alizeti.

Na mimi ukanifanya kipa. Kila mchezaji mle ndani ana alama, kuanzia moja mpaka tisini na tisa. Mchungaji ulimpa arobaini. Kipofu wa sokoni, ambaye naye ulimwingiza, ulimpa thelathini. Mimi ulinipa moja. Yote hiyo kwa sababu ya mpira mmoja, siku ile watu wa Mtinko walipokuja, uliopita katikati ya miguu yangu. Mpira mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na jua lilikuwa machoni.

Hilo ningelibeba. Mtani hubeba. Lakini utani una mpaka wake, na mpaka wenyewe ni mkwe.

Siku namleta baba mkwe kwako kutoa kopi ya kitambulisho, ulituona tangu mlangoni. Ulisimama, ukampa shikamoo ya heshima, ukampangusia kiti. Nikasema moyoni, leo Msengi amekuwa mtu. Nyuma yako wateja wawili walikuwa wanacheza. Nikafungwa. Spika zikapokea: “Gooo! Kipa Shija, miguu wazi kama geti la mnada, ng'ombe wote wamepita!” Mkwe akauliza, “Shija yupi huyo?” na jibu likawa pale kwenye kioo, sura yangu ya pasipoti, na vifungo mpaka juu. Mkono wako ulikuwa kwenye kitufe cha sauti, Msengi. Niliuona. Ungeweza kupunguza. Ukaongeza.

Mzee hakucheka. Alichukua kopi yake, akashukuru, na jioni akamuuliza binti yake kama kazi yangu hasa ni fundi simu au ni hiyo nyingine.

Miaka miwili hatukusemeshana. Vibanda vyetu vinatazamana, barabara tu katikati. Tulifungua milango saa ile ile kila asubuhi tukikwepana macho kama watu wawili walioiba kitu kimoja. Ukipigwa na kikohozi nilisikia. Sikuuliza.

Ulipolazwa nilikuja. Hilo hukulijua, kwa hiyo lijue sasa. Siku ya tatu nilifika mpaka getini na machungwa kwenye mfuko. Dada mmoja muuguzi akaniambia niingie tu, muda wa kuona wagonjwa bado upo. Nikamwambia napita. Machungwa nikayala njiani, yalikuwa machachu, na ya nne hukuifikisha jioni.

Sasa nikueleze yaliyotokea huku, maana wewe uliondoka ukaacha kila kitu nusu, kama kawaida yako.

Siku ya kumaliza matanga wazee waligawa vitu vyako. Walianza na nguo, wakafuata redio, baiskeli na simu. Simu alipewa mjomba wako wa Mgori. Kisha wakaniita mtani, ingawa kazi yangu sikuifanya, wakasema nichague changu. Nikachagua ile kompyuta yako ya gemu. Walinishukuru, hakuna aliyekuwa anaitaka. Hawakujua nia yangu. Nilitaka kuing'oa diski, niipige nyundo, na yule kipa wako afe siku moja na wewe.

Ikakaa chini ya meza yangu. Nyundo nilikuwa nayo. Sijui kwa nini sikuipiga.

Wiki moja baadaye mjomba wako akaja kibandani na simu yako. Ina namba ya siri, anataka ifunguke. Hapa nisikilize vizuri, maana hapa tusi ni langu. Kufungua simu ile bila kupoteza kilichomo ninajua. Inachukua nusu siku na uvumilivu. Kuifuta yote ikawa kama mpya inachukua dakika kumi. Mjomba hakuniambia nichague ipi, yeye alitaka simu. Nikaiwasha, ukatokea wewe kwenye kioo, unatabasamu kwa lile jino la pembeni. Nikachagua dakika kumi.

Mama yako alikuja baada ya mavuno ya alizeti. Alikuja kwa miguu, akakataa soda, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki chenye mguu wa waya. Nikampa shikamoo, akaitikia. Akasema, “Shija, baba, picha zake ninazo. Mimi nataka nimsikie.” Simu yake ya kitochi haitunzi sauti za watu. Alisikia kwamba simu za vioo zinatunza. Akauliza ile ya Msengi ilikuwa nazo?

Nikamwambia simu iliharibika.

Alitikisa kichwa pole pole. “Basi sauti ya mwanangu haipo popote,” akasema, si kwa kulia, kama mtu anayehesabu vyombo baada ya sherehe na kukuta sufuria moja halipo. Akaaga. Nikabaki natazama chini ya meza.

Kwa hiyo nikakaa na uchafu wako. Nilipolifungua lile kasha la kompyuta nilikuta makapi ya alizeti yamejaa mpaka kwenye feni, na panya alikuwa amejenga. Niliiwasha mara moja tu. Ilitoa harufu ya nywele zilizoungua na kuzimika moja kwa moja, ikakufuata. Diski ilipona. Nikaichomoa, nikaiunganisha kwa waya kwenye laptopu yangu, ambayo nilikuwa nimeipiga window mpya mwezi ule ule, nikajiona nimemaliza.

Nilikuwa sijaanza. Window mpya ililitazama gemu lako kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji wa zamani. Kwanza likataka sidi yake iwe ndani. Sidi uliiacha, ina mikwaruzo na bado inanukia dawa ya meno uliyokuwa unaipaka ukidai inatibu. Lakini laptopu za siku hizi hazina hata pa kuingizia sidi. Ile faili ndogo uliyoitumia zamani kulidanganya gemu lisiulize sidi, kinga ya virusi iliikamata na kuimeza kabla sijasema neno. Nikaitoa kinywani. Ikaimeza tena. Ilibidi nikae nayo chini, niielekeze faili kwa faili kwamba huyu ni mwizi lakini ni mwizi wetu.

Nikaliambia gemu lijifanye lipo kwenye window ya zamani. Likakubali, likawaka, na nyasi zote zikawa zambarau. Nilisoma kwenye simu maandishi ya Mpolandi mmoja, aliyeyaandika miaka mingi iliyopita kwa hasira kama za kwangu. Akaelekeza kuna faili la ukalimani la kuweka pembeni ya gemu, ili picha za zamani zieleweke kwa mashine mpya. Kiingereza changu unakijua. Nilisoma neno kwa neno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nyasi zikawa kijani. Ila sasa wachezaji wakawa wanakimbia kama wamefukuzwa na nyuki, maana mashine mpya ina kasi ambayo gemu halikuwahi kuiota. Mechi ya dakika kumi iliisha kabla sijashika vizuri vibonye, nikiwa nimefungwa thelathini na saba. Nikatafuta namna ya kulifunga breki.

Kila nilipokwama nilikutukana, Msengi. Hukuandika kitu. Hata karatasi moja. Nilipokuwa nakuuliza zamani jambo fulani umelifanyaje ulikuwa unagonga paji la uso kwa kidole, unasema, “Lipo humu.” Haya, sasa lipo wapi?

Siku lilipokaa sawa nilimwita mama yako. Ilikuwa Jumapili, katoka ibadani, kavaa kile kitambaa cha kichwa cha bluu. Nikamsogezea spika. Mechi ikaanza, na wewe ukaanza, na ile sauti yako ya Pangani. Yeye akasikiliza mabao mawili, mikono mapajani.

Akauliza, “Huyu mtangazaji ni wa wapi?”

Nikasema, “Ni Msengi, mama.”

“Hapana,” akasema. “Huyu anauza magodoro.”

Nilitaka kucheka na sikuweza. Sauti yote uliyoiacha duniani ni ya kuigiza, na mama yako hamjui mtu huyo. Akaanza kuinuka. Sijui kilichonishika. Nikamwambia pale pale, amesimama nusu, kwamba simu haikuharibika. Niliifuta mimi, kwa mikono hii, na ningeweza kutofuta.

Akakaa tena. Akasema, “Najua. Mjomba wake aliniambia ilivyorudi nyeupe. Unafikiri nilitembea mpaka hapa nikapita mafundi wangapi?” Akanitazama. “Nilikuja kwa aliyeipoteza. Huyo ndiye mwenye sababu ya kuitafuta.”

Mimi nina umri huu, nina watoto, na nilisimama mbele ya mama yako kama mtu aliyepigwa kwenzi.

Nikaendelea kutafuta. Sauti zako ulizifungasha zote kwenye furushi moja, na kifaa cha kulifungua furushi hakiwaki kwenye window mpya kwa namna yoyote. Ni gemu peke yake linalojua kuzitoa, moja moja, jambo lake likitokea uwanjani. Ila orodha yake uliiacha, kwa maandishi ya kawaida. Nikaisoma. Shija kafungwa moja. Shija kafungwa mbili. Mpaka kumi na moja. Ulikaa chini, mtu mzima, ukatafuta namna kumi na moja za kunitukana. Na mwisho kabisa wa orodha, chini ya kila kitu, kuna mstari mmoja: Shija kadaka.

Mstari huo ulikuwepo miaka yote hiyo na hakuna binadamu aliyewahi kuusikia, kwa sababu kipa wa alama moja hadaki.

Nilijaribu, Mungu anajua. Nilichukua timu ya Mtinko nikajipigia mwenyewe mashuti ya huruma. Nikiupeleka mpira kulia, kipa wako anaruka kushoto. Nikiupeleka katikati, anakaa chini. Mara moja mpira ulikuja unajikokota kabisa, ungeweza kuuokota kama yai, na yeye akausindikiza kwa macho. Mchana mzima. Wateja walikuja na simu zao wakanikuta najifunga mwenyewe, wakaenda kwa fundi mwingine.

Nikafungua faili la alama. Nikafuta ile moja, nikaandika tisini na tisa, na sitakuficha kwamba nililifanya hilo kwa raha. Nikalihifadhi. Nikawasha. Bado moja. Nikaandika tena. Bado. Kumbe nilikuwa nimeliweka gemu kwenye chumba ambacho window mpya inakilinda, na kila ninachobadilisha inakiweka pembeni kwenye nakala ya siri, huku gemu linaendelea kusoma ya zamani. Iliniambia ndiyo bwana, ndiyo bwana, na haikufanya kitu. Nikasema huyu Mnyiramba amekufa na bado anakataa nidake. Nikalihamisha gemu lote, nikalipeleka nje, kwenye folda nililoliita Alizeti. Huko likanisikia.

Sikujaribu kwanza peke yangu. Nilimsubiri mama yako, Jumapili iliyofuata. Nikamwambia ngoja, usiangalie picha, sikiliza tu. Mtu wa Mtinko akapiga. Nikaruka, Msengi. Kule ndani niliruka kama mtu niliyekusudiwa kuwa, nikaushika kwa mikono miwili.

Ukaanza na Pangani yako: “Kipa Shija...” Kisha ukakwama. Ukasema kwa sauti yako, ile ya puani, ya hapa hapa: “Aa, amedaka? Shija? Haiwezekani, hii mashine imeharibika.” Ukacheka. Kile kicheko chako kibaya kinachoishia kwenye kikohozi. Hukuzima kinasa sauti. Nyuma yako jogoo, halafu mbali kidogo, kutoka jikoni, sauti ya mwanamke: “Msengi, ugali unapoa.”

Na wewe, karibu kabisa na kinasa: “Naja, mama.”

Spika zikanyamaza. Mechi iliendelea bila mtu kuishika.

Mama yako hakulia mara moja. Alinyoosha mkono akaweka kiganja juu ya spika, kama anapima homa. “Ehe,” akasema. “Huyo.” Kisha akasema, si kwangu, “Na hukuja. Uliupoza kweli.”

Tulirudia mara sita. Kila mara ilibidi nidake. Wewe uliniita mashine mbovu mara sita mbele ya mzazi, na mimi ndiye niliyebonyeza.

Basi hayo ndiyo yaliyopo. Ya mkwe sijakusamehe, na sioni dalili. Alikuja tena mwezi uliopita, akasalimia vizuri, na wakati anaondoka akaniuliza kama yule jirani yangu mcheshi bado yupo. Nikamwambia umehama. Akasema pole, kwa sababu kumbe siku ile alicheka njia nzima akiwa kwenye basi. Angeniambia mapema. Wewe nawe ungeniambia kwamba ulirekodi na ile ya kumi na mbili.

Nikuahidi kitu, halafu ulale. Furushi lile nimelinakili sehemu tatu, na nimeandika kwenye daftari, hatua kwa hatua, namna ya kuliwasha gemu hili, ili atakayekuja na window nyingine mpya asinitukane kama nilivyokutukana. Kila Jumapili baada ya ibada mama yako akija, nitakuwa kipa wa tisini na tisa kwa muda anaoutaka yeye. Akiinuka kwenda, nalifungua faili, narudisha moja. Wewe ulinipa moja na itabaki moja. Nilifungwa kweli siku ile, jua au si jua.

Nilikwambia mtani huzuia udongo mpaka apewe chake. Nimeuzuia mwaka mzima na sikujua. Changu nimekipata, ni maneno saba na kicheko. Waambie nimeruhusu, wafukie.

Mtani wako,
Shija